Haina Chanzo

Katubuka, Kigoma
9 Agosti 2017

Mpwa wangu Armelle,

Marahaba, shikamoo yako ilifika. Mke wangu Agnesi amekuanikia dagaa. Akipatikana mtu wa kuja huko kambini, utaletewa.

Sasa lile la kamusi elezo ya mtandaoni tunayoihariri kwa kujitolea. Kwenye makala ya Kagunga uliandika: "Nyabenda, mkimbizi, alizikwa hapa kando ya ziwa mwaka 2015." Nikaifuta, nikaandika "haina chanzo." Ukairudisha mara tatu, nikakufungia akaunti, eti wewe mharibifu. Wahariri wenzangu wakanipongeza kwa kulinda sheria.

Nilijua ni wewe. Nani mwingine angeliandika jina la mama yako?

Kweli sheria inataka gazeti au kitabu. Lakini si sheria iliyonisukuma, mwanangu. Kila nikifungua ukurasa ule nalikuta jina la dada yangu, nashindwa kuendelea.

Leo nimekufungulia akaunti. Sentensi siwezi kuirudisha. Wenzangu wataniuliza chanzo, nami karatasi sina. Nina jembe tu, lile nililomchimbia kaburi. Liko nyuma ya mlango, na tangu siku ile halijalima tena.

Nisamehe.

Mjomba wako,
Feliksi