Mstari Niliousahau

Mama yangu mpendwa,

Salamu zitangulie kwako, zifuate kwa baba mkubwa, kwa shangazi atakayewasomea barua hii, na kwenu ndugu zangu nyote mlioketi hapo sebuleni. Natumaini miguu yako, Mama, imepungua uvimbe. Mimi ni mzima, na moyo wangu umejaa shukrani.

Tangu mwezi uliopita ninasafisha programu inayohifadhi picha za mifupa ya wagonjwa. Humo, kati ya amri za kompyuta, waandishi huwaachia wenzao maelezo: hapa panafanya hivi, pale pasiguswe. Amri hubadilika, maelezo husahauliwa. Kazi yangu ni kuyafuta yasiyo ya kweli tena. Kila nifutapo nakukumbuka ulivyobandua karatasi iliyoandikwa "sukari" siku ileile ulipotia chumvi koponi, ukisema kopo lisilo na karatasi humlazimisha mtu aonje, bali lenye karatasi ya uongo huharibu chai ya nyumba nzima.

Mnakumbuka mdogo wangu, tunayefanya naye kazi, alivyofuta picha za wagonjwa mia tatu mwaka jana. Alisema tu kwamba alidhani nakala ya pili ipo. Akazunguka wodi kwa wodi wiki tatu, akazikusanya zote upya kutoka mashine za zamani. Hata hivyo ofisi ilimpa onyo, ninyi mkambandika jina la Futa-Futa, na baba mkubwa akamnyang'anya ufunguo wa kabati la hati za familia, akisema fisi hakabidhiwi bucha. Nami nilicheka pamoja nanyi.

Jumanne niliukuta mstari uliomponza: "Nakala ya pili ipo, waweza kufuta." Programu hutunza jina la kila mwandishi. Mwandishi ni mimi. Nakala ile niliiondoa baadaye kwa mkono wangu, mstari nikausahau.

Nilipomwendea mdogo wangu kuungama, alisema alijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikisubiri kupandishwa cheo, naye hakuwa tayari kumshtaki dada aliyemfundisha kusoma. Akaniomba yaishe hapo. Sikukubali. Nimekiri kwa mkuu wetu, na onyo limeondolewa.

Limebaki la nyumbani. Shangazi akimaliza kusoma, jina lile lisitamkwe tena, na baba mkubwa autoe ufunguo mfukoni, amkabidhi mdogo wangu, aliyewaletea barua hii, mbele yenu, kabla chai haijamiminwa.

Nawabusu mikono wakubwa, nawakumbatia wadogo.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.