Jina la Dada Yako

Mzee Arvo,

Salamu baadaye. Nimefanya kosa, wiki ya pili tu baada ya kukuzika.

Unakumbuka siku nilipoingia pale kiwandani mnapochapa gazeti lenu la ukimbizini, mwanafunzi wa uchapaji kutoka Tanga, sijui hata neno moja la Kiestonia? Mhariri alikunja uso. Wewe ukacheka mpaka ukakohoa: "Huyu ndiye anayenifaa. Hawezi kusoma, kwa hiyo hawezi kunisaliti." Miaka minne nikazipanga riwaya zako gazetini, herufi moja moja, macho yangu yapo hapa na akili iko Tanga.

Kila Alhamisi ulikuja na penseli yako nyekundu. Unakaa juu ya boksi la karatasi, unasahihisha, unabadilisha majina. Waliobaki kwenu chini ya Warusi unawapa majina ya kubandika, wasije wakaitwa kuhojiwa. Marehemu unawaachia yao. "Waliokufa hawakamatwi," ulikuwa ukisema. Nilikuuliza mbona usiyabadilishe tangu nyumbani, ukasema huwezi kumwandika dada yako kwa jina la kubandika, kalamu inagoma.

Dada yako Linda. Jina hilo nililijua, maana tuliliandika pamoja kila Krismasi juu ya kifurushi cha kahawa na soksi. Ulipofariki, mhariri akaniletea sura zilizobaki tuendelee kuzichapa. Katika maneno yote yale nisiyoyajua nikaliona Linda, na, jamani Mzee, nilifurahi! Nikalipanga kwa mapenzi, mara sita. Desturi yako nilikuwa naijua. Kichwa changu kilikuwa wapi? Mhariri alitazama makosa ya herufi tu, kwa sababu majina siku zote yalikuwa kazi yako. Gazeti likaenda posta.

Jumatatu mkeo, Mama Helmi, akaja mbio kutoka nyumbani kwenu Vällingby, koti halina kifungo kilichofungwa, gazeti mkononi. Ndiyo ile sura ambamo Linda anakuficha darini askari wakipekua, kisha anakusindikiza mpaka kwenye boti. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliweka kidole juu ya jina, akasema, "Ana wajukuu, Saidi."

Tulijaribu kuyarudisha magazeti, lakini mengi yalishafika majumbani mwa watu. Basi nikaanza kuingojea kadi ambayo Linda humtumia Mama Helmi kila Mei. Mei ikaisha. Juni nayo ikaisha. Kila jioni nikitoka kazini nilipanda treni kwenda Vällingby, nautazama uso wa Mama Helmi mlangoni, nakataa kahawa, narudi. Nilijifunza kuomba radhi kwa Kiestonia, na sina wa kumwomba.

Leo imekuja. Picha ya kanisa, mistari mitatu: hajambo, viazi vimekubali, habari ya msiba wako imemfika na amelia sana. Chini hakuandika Linda. Ameandika Maimu.

Mzee! Jina hilo halipo popote ila kwenye riwaya zako! Ulimbandika wewe mwenyewe, kwa penseli ile, mbele yangu. Kumbe alikuwa akikusoma miaka yote, sijui kwa njia gani. Mama Helmi alicheka huku analia. Mimi leo nikaikubali kahawa yake. Lakini hofu haijanitoka yote, maana mtu haliachi jina lake bure. Ameliacha kwa sababu yangu.

Penseli yako ninayo. Kila Jumapili Mama Helmi ananifundisha kusoma Kiestonia, na matamshi yangu yanamvunja mbavu. Utanisamehe, yule mtu wako asiyeweza kusoma hayupo tena. Nakuahidi, hakuna jina la aliye hai litakalopita mikononi mwangu tena nikiwa sioni.

Pumzika, Mzee wangu. Sura ya mwisho nimeimaliza leo, ile ambamo wewe na dada yako mnaagana ufukweni. Lake nimelifuta mwenyewe, kila lilipo. Lako nimeliacha.

Saidi