Marehemu Mume Wangu Anatangaza Miche

Mpendwa mshauri, sijui kama naomba msaada au naomba uniunge mkono, maana moyo umeshaamua ila mdomo unaogopa.

Mume wangu Kefa alifariki mwezi wa nne. Hapa Mjimwema alijulikana kwa kubebesha miche ya parachichi, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mzuri juu ya shina la mche, na mtu akitaka kununua kwingine alimwita kwanza aikague, naye alipitisha kidole taratibu pale kwenye kiungo kama anayempapasa mtoto mwenye homa, kisha akasema "huu ndio" au akanyamaza tu, na akinyamaza hununui. Sasa kuna muuza miche wa Makambako anayelipia matangazo mtandaoni, na kwenye tangazo lake marafiki wa Kefa wanaona picha yake na maneno "Kefa anapenda ukurasa huu". Kefa hakununua kwake hata mche mmoja, nakumbuka alibonyeza ile alama ya kupenda tukiwa jikoni, ili tu aone bei.

Wiki iliyopita jirani yangu Anneth, aliyeimba msibani kwetu mpaka sauti ikamkauka, alinisimamisha njiani.

"Mama Jasmine, mbona baba Jasmine kanipeleka kubaya?"

"Anneth, si ulimzika wewe!"

"Najua. Lakini jina lake si lipo kwenye tangazo? Nikajua aliikagua akiwa hai."

Amepanda miche hamsini ya yule muuzaji, nami nilipoitazama sikuona kiungo hata kimoja.

Simu ya Kefa ninayo na namba ya siri naijua, nilitaka kulitoa jina lake siku hiyo hiyo, ila shemeji yangu Ebeneza anasema, "Shemeji, ukimtoa humo unamzika mara ya pili." Sitaki mume wangu awe mpiga debe wa mtu asiyemjua. Lakini nikiri, tangazo lile nililiona mwezi mzima kabla ya Anneth nikanyamaza, kwa sababu nikifungua simu nilimkuta pichani na kofia yake ya sufu, nikafurahi. Mvua zinaanza, watu wananunua. Nifanyeje?

Mama Jasmine, Njombe

Mama Jasmine,

Pole sana. Kumfurahia mumeo kwenye simu si kosa. Kosa ni ule mwezi wa kunyamaza: wewe ulitazama kofia, wenzako walitazama tangazo. Nimemaliza kukugombeza.

Sasa kasirika vizuri. Kefa hakumpa mtu ruhusa ya kuuza miche kwa jina lake, na swichi ya kukataa wenye mtandao wameificha ndani kabisa, mahali ambapo mkulima hafiki. Wewe fika. Akaunti usiifute, picha ziache. Ingia ukurasa wa yule muuzaji, ondoa alama ya Kefa. Kisha nenda kwenye mipangilio, sehemu ya matangazo, uzime swichi inayoruhusu marafiki zake waonyeshwe anachopenda. Ukikwama Jasmine akuelekeze, lakini ubonyeze wewe.

Halafu nenda kwa Anneth, umwambie ulijua. Usijitetee. Jumapili omba nafasi kwenye matangazo ya kanisani useme mwenyewe, kwa sauti: Kefa hakuikagua miche hiyo.

Ebeneza anamlilia kaka yake, na kilio chake nakiheshimu, ila hakimpi haki ya kumwajiri marehemu. Usiende kumwomba ruhusa. Nenda kumwarifu, ukiwa umeshamaliza. Akilia, lia naye. Akiomba simu, mnyime.

Mama Devotha