Taji Jukwaani, Tingatinga Sokoni

Jumatatu, 6 Mei

Kikao cha baraza. Nimesimama peke yangu kuuliza: soko likivunjwa, wauza samaki wataenda wapi? Diwani mmoja akasema machozi yangu niyaweke akiba ya filamu zangu. Wakacheka mpaka karani! Miaka miwili nimo humo ndani, diwani kama wao, na bado mimi ni pambo la ukumbi.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda sokoni. Mama Pacing yuko palepale na samaki wake wakavu. Mwaka niliposhinda taji la urembo la mkoa, viatu nilivyopanda navyo jukwaani vilikuwa vya binti yake. Leo kanishika mkono, kaniuliza kama ni kweli watabomoa wiki hii.

"Hawawezi, mama. Baraza halijapiga kura."

"Apa, Divina."

Nikaapa, kwa jina la Bikira. Wenzake wakapiga makofi, wakataka picha. Nikapiga na kila mmoja.

Alhamisi, 9 Mei

Meya Quirante kaniita ofisini. Kahawa, keki ya nazi, meno yote nje. Jumamosi nimvishe taji Malkia wa Sikukuu ya mji, uwanjani, saa nane mchana. "Mji mzima utakuja kukuona wewe, ua letu." Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: mwakani anatafuta mgombea wa umakamu.

Nikamuuliza habari za soko.

"Sikukuu kwanza, dada. Mengine tuachie sisi."

Nikamwamini. — Hapana. Humu hasomi mtu, kwa nini nidanganye? Sikumwamini. Saa nane, mji mzima uwanjani, sokoni hakuna mtu... mtoto angeelewa. Lakini njia nzima ndani ya gari nilikuwa nalijaribu jina hili mdomoni: Makamu wa Meya Divina Macaraeg. Linakaa vizuri!

Jumamosi, 11 Mei

Wameingia sokoni na tingatinga saa nane na nusu.

Nilikuwa jukwaani. Simu inatetemeka mkobani, haikomi. Nyuma yangu mapolisi wawili wananong'ona kwamba upande wa samaki umeshalala chini. Nikamgeukia Meya. Hata hakunitazama. "Cheka," kasema, midomo haichezi. "Kamera hizo."

Nikacheka.

Msichana niliyemvisha taji ana miaka kumi na minane. "Dada, mbona wazee wangu wameondoka mbio? Kuna nini?" Wazee wake wana kibanda cha mboga sokoni. Nikambana pini kichwani. Nikamwambia asimame wima.

Simu kumi na moja, zote za Mama Pacing. Dereva kaniuliza, sokoni au nyumbani?

Nyumbani.

Jumapili, 12 Mei

Sikwenda kanisani. Mama kaenda, karudi kabla misa haijaisha — watu wamemhama benchi. Anasema Mama Pacing kavunjika kidole akivuta matenga yake chini ya mabati. Usiku kalala hapohapo kifusini, eti wasimwibie kilichobaki. Kwenye mitandao, hakuna soko. Kuna gauni langu! Waridi au zambarau, wanabishana. Meya kaleta maua. Mama kayatupa nje kwa mbwa, bila kunisemesha.

Saa nne asubuhi. Wapo getini. Wanawake kama ishirini. Hawapigi kelele, heri wangepiga! Mama anasema nisitoke, hasira za watu hazina macho. Nikamwambia, hawa wamenilea. "Ndiyo maana," kanijibu.

Sasa nasikia sauti ya Mama Pacing, ya kawaida kabisa, kama ananiita kula:

"Divina! Hatukuja kugombana, mwanangu. Njoo utuambie kitu kimoja tu. Ulijua?"

Nimepaka poda. Sijui kwa nini nimepaka poda.

Nimesogeza pazia kidogo, daftari mkononi. Wameniona. Wote wananitazama — na mkono wangu, Mungu wangu! mkono wangu umeinuka wenyewe, unawapungia.