Vifungo vya Shati la Baba

Jumamosi, Kwaluguru.

Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua hainyeshi, inatutishia tu. Nimekaa kwenye kigogo nyuma ya banda la kuku, mahali pekee hapa nyumbani ambapo mtandao unakamata, kwa hiyo mkisoma haya mjue yameandikwa kwa taabu na kwa harufu yake.

Leo nina furaha. Naiandika mapema kabla haijaingia mdudu.

Mnaonifuata hapa mnajua kwamba mimi ni fundi cherehani wa Korogwe mjini, na kwamba baba yangu, Mzee Mhina, alipopata kiharusi nilifunga kibanda nikarudi huku Handeni kumuuguza. Mama alishatangulia, kaka zangu wako mbali, na mume wangu aliniambia nenda, watoto nitabaki nao mimi. Upande wa kulia ndio uliopigwa. Mguu umerudi rudi, anatembea na fimbo mpaka uani. Mdomo umepinda kidogo, maneno yanatoka mazito ila yanatoka. Mkono ndio uliogoma.

Na baba yangu bila mkono wa kulia simjui. Huyu ni mtu wa kuchonga mipini. Ukipita mashamba ya huku wakati wa kulima, majembe mengi unayoyaona yameshikwa kwa mpini wake.

Siku tunaruhusiwa hospitali, dada wa mazoezi ya viungo alinivuta pembeni. Msichana mdogo, mwembamba, hana mchezo. Akasema, "Dada, miezi hii ya mwanzo usiichezee. Mkono ukikaa bure utajikunja, na ukishajikunja kuurudisha ni shughuli. Anachokiweza mwache afanye mwenyewe. Asichokiweza mwache ajaribu." Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Nikarudi nyumbani na nia moja tu, huo mkono.

Nia ilidumu mpaka mgeni wa kwanza alipopiga hodi.

Huku kwetu mgonjwa haachwi. Ukisikia mtu kalala, unaenda kumjulia hali, na huendi mikono mitupu. Walikuja kutoka Kwaluguru yote, wakaja wa vijiji vya mbele, wakaja hata watu ambao baba mwenyewe aliwakodolea macho akitafuta ni nani. Mmoja na kuku, mwingine na sukari, mwingine na ndizi. Wanakaa mkekani, wanatoa pole, wanaomba dua, halafu kuna yule mmoja ambaye hakosekani, anayesimulia habari za shemeji yake aliyepatwa na ugonjwa huu huu akafa. Mgonjwa yuko pale pale anasikiliza.

Na mgeni lazima anywe chai. Basi nikawa mtu wa jikoni. Nilikuwa naamka na kuni, nachemsha mihogo, nasaga tangawizi, naosha vikombe, nachinja wale wale kuku walioletwa niwapikie walioleta. Jioni nilikuwa naanguka kitandani nimechoka kweli kweli, roho imetulia, najiambia leo nimemhudumia baba yangu.

Wakati huo aliyekuwa naye ni Shangazi Mwanahawa, dada yake mkubwa, aliyekuja kutoka Makuyuni alikoolewa. Shangazi anampenda kaka yake kwa mapenzi yasiyo na breki. Alimlisha kwa kijiko, akamfuta mdomo, akamvisha, akamshikia kikombe. Baba akinyanyua mkono wa kushoto kukuna pua, Shangazi ameshamkuna. Mimi nami nikachangia. Nilifumua vifungo vya mashati yake yote nikashona ule utepe wa kunata, wa kubandika na kubandua, ili Shangazi asihangaike kumvisha. Nilijisifu sana kwa ubunifu huo.

Halafu dada wa mazoezi akapiga simu. "Mkono unaendeleaje?"

Nikamwambia watu wanakuja kwa wingi, baba anapendwa jamani, leo tu wameondoka na sufuria nzima ya mihogo.

Akanikatiza. "Nimeuliza mkono."

Nilimuaga vibaya, nikaingia ndani nikamshika baba mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimeanza kukunjana kuelekea kiganjani. Nikajaribu kuvinyoosha, akafunga macho kwa maumivu. Na ndipo nilipojua kwamba kwa wiki zote zile nilikuwa nawauguza wageni.

Niseme ukweli wangu hapa kwa kuwa ndiyo maana ya kuandika. Nilizipenda zile sifa. "Mzee Mhina ana binti," walikuwa wanasema wakitoka, na mimi nasikia kutoka jikoni. Chai inasifiwa. Nani atakusifu kwa kukaa chumbani na kumnyoosha mzee kidole kimoja kimoja, huku anakung'akia?

Kesho yake nikageuka mbogo. Nilitangaza kisimani na dukani kwamba wageni waje baada ya alasiri tu, asubuhi mgonjwa ana mazoezi. Hapo hapo nikajitoa pia kwenye magrupu ya kamati za harusi, wateja wa sare za Korogwe nikawaelekeza kwa fundi mwenzangu. Nikajiona mtu mwenye msimamo. Mkono kwanza, mengine baadaye.

Asubuhi ile ile akaja Mzee Mhando, rafiki yake baba tangu utoto wao. Nilimkuta njiani kabla hajafika uani. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia kwa adabu zote kwamba baba yuko kwenye mazoezi, namuomba arudi jioni. Akasema, "Haya, mwanangu," akageuza.

Baba alikuwa amekaa dirishani. Alimuona mwenzake akiondoka.

Siku ile hakukifinya hata mara moja kitambaa nilichokuwa nimemkunjia cha mazoezi ya vidole. Nilimpa, kikaanguka. Nikamuokotea, kikaanguka tena, na safari hii nadhani alikiachia makusudi. Akageukia ukutani. Hasira zikanipanda na nikasema kwa sauti ambayo baba yangu hakuwahi kuisikia kwangu: baba, unataka kupona au hutaki?

Alichukua muda mrefu kuyapanga maneno. "Nipone... nikakae na nani?"

Nililia jikoni. Hakukuwa na moshi wa kusingizia.

Nilikuwa nimetoka kosa moja nikaingia lingine. Mwanzo niliwapa wageni muda wote, baadaye nikawafukuza wote, na mara zote mbili sikumtazama baba. Mkono ninaouhangaikia haukuwa wa kupamba. Alikuwa na watu wa kushikana nao mkono huo, na watu wa kuwachongea mipini. Niliwaondoa hao, nikabaki na kitambaa cha kufinya.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Mzee Mhando kuomba radhi. Hakunisema. Alivaa kofia yake tukaongozana. Pale barazani nilikuwa nimemwaga mahindi ya kupukuchua, nikitaka kuyapeleka mashine. Mzee Mhando alikaa mkekani, akampa mwenzake pole, na kabla hajamaliza kuulizia usingizi wake mkono ulishachukua hindi. Hakuna aliyemwambia. Mkulima wa huku hajui kukaa mbele ya mahindi mikono ikiwa bure.

Baba naye akanyoosha mkono achukue lake. Wa kushoto.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nilichukua shuka nikamfunika, nikaupitisha ule wa kushoto chini ya shuka nikauacha huko. Nikamwekea hindi katikati ya magoti alibane. Mzee Mhando akatazama mara moja tu akaelewa. Alilichukua lile hindi, akalitoboa mistari miwili ya mwanzo, ile migumu inayoumiza dole gumba, halafu akalirudisha magotini kwa baba na kuendelea na hadithi yake. Walikuwa wanabishana ng'ombe wa nani aliingia shamba la nani, miaka hiyo mimi sijazaliwa. Baba alibisha kwa mdomo uliopinda, na huku anabisha dole gumba la kulia linasukuma. Linateleza. Linasukuma tena.

Punje moja ikaruka.

Hakuiona. Alikuwa anamwambia Mzee Mhando kwamba yeye ni mwongo.

Basi ndiyo ikawa desturi yetu mpya. Chai inapikwa mara moja, inakaa kwenye chupa, kila mtu anajimiminia. Mgeni akifika anakaa penye mahindi, anatoboa mistari ya mwanzo, anampa mgonjwa. Wengine walishangaa, ila walizoea haraka. Siku hizi wanaulizana njiani leo mmepukuchua kiasi gani. Yule wa shemeji aliyekufa alikuja tena, na akiwa na hindi mkononi alimsahau shemeji kabisa. Na mimi jikoni siko tena, nimekaa pembeni ya baba, mkono wangu juu ya ule wa kushoto usichomoke shukani.

Asiyezoea ni Shangazi.

"Zaina," aliniambia, "mgeni unamkalisha kwenye mahindi? Nyumba ya kaka yangu? Watu watasema tunawaita hapa kuwatumikisha!" Nikamweleza habari za dada wa mazoezi. Akasema huyo dada hana kaka. Halafu akahamia Kizigua, na Kizigua cha Shangazi akikasirika sitakiandika hapa kwa sababu kuna watoto wanaosoma. Wiki iliyopita alifunga mzigo wake akarudi Makuyuni bila kuniaga. Nilimpigia, hakupokea. Nilianza kujiuliza kama mkono wa baba utanigharimu shangazi.

Leo karudi.

Alishuka kwenye bodaboda amebeba chupa ya uji wa ulezi, kavaa kanga mpya, uso ameukaza. Nikamwamkia, akaitikia kwa nusu mdomo. Akampita Mzee Mhando, akakaa mbele ya kaka yake, akamimina uji kwenye bakuli, akaupuliza, akachota. Alikuja na kijiko chake mwenyewe kutoka kwake, nadhani alihofia nimevificha vya hapa. Kijiko kikaanza safari ya kwenda mdomoni kwa baba.

Mkono wa kulia ukatoka kwenye mahindi.

Ulitoka taratibu, unatetemeka, punje mbili zimeng'ang'ania kiganjani. Ukapanda. Ukakikuta kijiko hewani ukakisukuma kando, na uji uliokuwamo ukamwagikia ile kanga.

"Nita... kula... mwenyewe."

Mzee Mhando akaacha kupukuchua. Mimi nikasubiri mvua ya Kizigua.

Shangazi aliitazama kanga. Akautazama mkono. "Ni huu?" akaniuliza, sauti imempotea. "Zai, ni mkono huu huu?"

Nikamwambia ndiyo, Shangazi, ndio huo.

Aliushika kwa mikono yake miwili akaugeuza, akatoa zile punje moja moja. Halafu mama huyu mzima akapiga vigelegele vilivyowafanya kuku wakimbie banda. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna harusi au kuna msiba, kwa kuwa kwa mbali huwezi kujua Shangazi anafurahi au analia. Leo alikuwa anafanya yote mawili.

Kijiko akakiweka katika mkono ule.

Siwezi kuwaeleza urefu wa lile bakuli. Nusu ya uji ilikwenda kwenye shati, nyingine kwenye shuka, kidogo mdomoni. Kila kijiko kilipoinama Shangazi aliinuka nacho, nami namvuta kanga akae. Kisha mimi nikainuka, yeye akanivuta. Tulishikana hivyo mpaka baba akamaliza, wanawake wawili tunaojua kupika, kufua, kulisha na kuvisha, tumeshindwa na kazi ya kukaa.

Alipomaliza aliteremsha macho kwenye shati lililolowa. Vidole vya kulia vikautafuta utepe wangu wa kunata, ule niliojisifia, vikaubandua nusu. Akanitazama.

"Vifungo," akasema.

Sijidanganyi. Panga hajalishika, na kuna asubuhi vidole vinaamka vigumu nakata tamaa mpaka saa nne. Inawezekana hatachonga tena mpini. Inawezekana atachonga mmoja mbaya, nao nitautundika juu ya cherehani yangu Korogwe. Kibanda changu kimefungwa na sijui wateja wangapi watanisubiri, na hilo linaniuma, nisiseme haliniumi. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nije, jioni nimechoka kwa kitu ninachoweza kukitaja.

Mwanga unakwisha na mvua imeamua kunyesha, nimejibanza chini ya ukingo wa paa la banda. Mapajani nina shati la baba, lile la mistari analoendea Ijumaa. Nimefumua utepe. Vifungo nilikuwa nimevihifadhi kwenye kikopo, namshukuru Mungu kwa uchoyo wa mafundi. Nimerudisha vinne, kimebaki cha shingoni.

Kesho asubuhi atalivaa mwenyewe, itachukua muda utakaochukua. Nimekubaliana na Shangazi kwamba tutakaa mbele yake wote wawili, kila mmoja amekalia mikono yake.