Hereni Yangu na Kikohozi cha Ndeshi

Kisongo, Jumapili jioni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika kwa mazoea tu, maana marahaba yako ilikuwa ya kuvuta mpaka mtu mwenye haraka anajuta kukusalimia, na sasa hakuna wa kuivuta. Watoto nimewapeleka kwa jirani, cherehani nimeifunika, nimekaa. Nina neno na wewe. Nilijaribu kulisema pale kaburini nikashindwa, kwa sababu mdogo wangu Ndeshi alikuwa amesimama papo hapo, anang'oa majani pembeni ya kaburi kana kwamba ni la kwake peke yake.

Nina wivu, Shangazi. Nakuambia mapema usije ukasema nimezunguka.

Habari za nyumbani ni nzuri kiasi. Kaburi tumelijengea, kule migombani ulikotaka. Kahawa imevunwa. Akina mama wa kanisani wamepata mwenyekiti mwingine, sauti yake kama mlango mbovu, lakini wanampenda. Ndeshi bado anakaa nyumbani kwako Akeri. Asubuhi anakwenda kufundisha watoto wake wa chekechea, jioni anamkamua ng'ombe wako, na chumba anacholala ni chako. Ng'ombe amemzoea. Mimi nilipojaribu kumkamua alinipiga teke, ndoo ikaenda huko. Hata ng'ombe!

Hebu tukumbushane nani alianza. Ni mimi. Ndeshi alikuwa bado kwa Baba Mdogo huko Moshi, hajui kopa wala shupaza, mimi nimeshakaa na wewe barazani mvua inanyesha, tumegawana buni mafungu mawili, unanifundisha karata za poka ulizofundishwa na madereva wa watalii ulipokuwa unapika kambini kule Momela. Buni moja kuendelea na mchezo, konzi nzima ukitaka kumtisha mwenzio. Mzee wa kanisa akipiga hodi, karata zinazama kwenye ndoo ya unga, na wewe unatoka kumpokea na uso wa mtu aliyekatizwa sala. Uso ule ndio niliotaka unirithishe, si shamba.

Ulinifundisha kwamba mkwara si kelele. Ulisema anayejua kupiga mkwara ni yule aliyetupa karata mbovu mchana kutwa bila kinyongo, mpaka meza nzima imeshaamini kwamba huyu akiweka buni zake, ana kitu. Ulisema uongo uanze na karata ya kwanza. Huwezi kukaa umenyamaza mchezo wote halafu mwishoni ujifanye una ree tatu. Mwenye akili atajiuliza zilikuwa zimelala wapi. Na ukanionya nisimpigie mkwara Baba Mdogo hata siku moja, maana yeye haogopi kupoteza, anachotaka ni kuona umeficha nini, na atamwaga fungu lake lote ili aone. Sikusikia. Nikamwekea buni zote, akazifuata zote, akanifunua na jozi yangu ya mbili. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Siku nzima ukawa unaniita Mama Jozi.

Lakini kitu kikubwa hukunifundisha, nilikiona mwenyewe. Kila ulipokuwa unadanganya, mkono wako wa kushoto ulipanda taratibu ukagusa hereni. Basi. Sikumwambia mtu. Siku nyingine niliuona mkono ukipanda na bado nikatupa karata zangu nzuri, nikakuachia ushinde, usije ukashtuka ukaacha. Ndeshi alipohamia kwako nilijisemea moyoni, akae nyumba ile, anywe yale maziwa, aitwe mwanangu mbele yangu. Hereni ni yangu.

Sasa sikiliza nilivyoumbuka. Baada ya msiba nilikuja kumsaidia Ndeshi kuchambua buni, mvua ikatukimbiza barazani, akatoa karata. Tukacheza. Nikamshinda, nikaanza kujitapa, na katika kujitapa nikasema kwamba mimi hata wewe nilikuwa nakusoma kama gazeti, kwa sababu ukidanganya lazima ushike hereni.

Ndeshi akaacha kucheza. "Hereni gani, dada? Shangazi akidanganya alikuwa anakohoa. Kidogo tu, kama anasafisha koo."

Tukabishana karibu tupigane. Halafu kila mmoja akakumbuka jinsi alivyokuwa akishinda kwa dalili yake. Shangazi, hukuwa na dalili yoyote. Mtu aliyeweza kumpokea mzee wa kanisa na uso ule ashindwe kuutuliza mkono? Ulinitengenezea mimi hereni, ukamtengenezea Ndeshi kikohozi, na sote wawili tukaingia mkenge tukijiona wajanja. Ndeshi aliona ni jambo zuri sana. Alicheka huku analia, anasema, "Alikuwa anatuachia tushinde, dada." Mimi sikucheka. Kudanganywa ningekusamehe palepale. Kilichoniuma ni kwamba uligawa. Nilichodhani nimekiiba kwako mimi peke yangu, kumbe ulikuwa umeshapika sufuria nzima, na yeye sahani yake ilikuwa imejaa sawa na yangu.

Ningeishia hapo ningepona. Lakini Ndeshi akaendelea, bila nia mbaya, najua, na akasema neno ambalo tangu siku hiyo linanikaa kooni.

Wiki ile ya mwisho nilikuja kukuona. Ulikuwa jikoni, umekalia kigoda, sinia la maharage mapajani, unachambua. Nikakuuliza unaumwa nini hasa, mbona umekonda. Ukasema, "Ni vidonda vya tumbo tu, mwanangu. Nenda kashone, watu wanasubiri nguo za kipaimara." Mimi niliangalia mkono wako, Shangazi. Mungu ananiona, niliuangalia. Ulibaki kwenye maharage. Nikaamini. Nikapanda gari nikarudi Kisongo kushona magauni meupe ya watoto wa watu.

Jioni ileile ulimwambia Ndeshi maneno yaleyale, vidonda vya tumbo tu. Ila kwake ulikohoa. Naye akajua unadanganya, akaomba ruhusa shuleni, akahamishia godoro lake chumbani kwako. Ndiyo maana ulipoondoka alikuwa amekushika mkono. Mimi nilipigiwa simu.

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Labda ulikohoa kwa sababu ulikuwa mgonjwa, na mgonjwa hukohoa. Labda mkono wako haukupanda kwa sababu ulikuwa na maharage. Hilo ndilo analoniambia mume wangu, na ni la busara, na halinisaidii chochote. Maana nakujua hukucheza karata hata moja kwa bahati mbaya. Mimi nikiwa mbele yako uliushikilia mkono usipande, ili niende. Ndeshi akiwa mbele yako ulikohoa, ili abaki. Yaani ulimchagua. Watu wananiambia ulinionea huruma, ulitaka nisikuone unavyoteseka. Sitaki huruma hiyo! Ungempa yeye magauni akashone, mimi ukanipa godoro.

Nilimchukia, Shangazi. Sikupokea simu zake. Alituma salamu, sikujibu.

Leo baada ya ibada akaja mwenyewe. Amebeba mkungu mzima wa ndizi kutoka shambani kwako, jasho linamtoka, na kidumu cha maziwa. Ningemfukuzaje? Tukakaa uani tukamenya ndizi. Halafu akasema, macho yake kwenye kisu:

"Dada, usiku ule wa mwisho hakuniita mimi. Aliniita kwa jina lako. Kila nilipomlowesha midomo alisema asante, akataja jina lako. Nikawa naitika. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa na wivu."

Nilimwangalia. Nilimwangalia jinsi ulivyonifundisha kumwangalia mtu aliyeweka fungu lake lote mezani. Mikono yake inamenya. Koo limetulia. Uso wake wa chekechea, ule anaotumia kuwaambia watoto kwamba sindano haiumi. Nikapima hadithi yenyewe. Mbona hakuanza nayo msibani, mbona imekuja leo nilipokuwa nimemnunia? Lakini pia, nani anakubali upesi kwamba alikesha na mtu anayemwita kwa jina la mwingine? Ama anasema kweli, ama ulimfundisha yeye vizuri kuliko ulivyonifundisha mimi, akaja kunipigia mkwara wa huruma nyumbani kwangu. Sikuweza kumsoma. Binti ambaye nilimfundisha mimi kuchanganya karata, sikuweza.

Na nilikuwa na njia ya kumfunua. Kuna jina ulilokuwa unaniita tukiwa wawili tu, tangu nikiwa mdogo, mtu mwingine hajawahi kulisikia. Silitaji hata humu. Kama kweli ulikuwa unaniita mimi, katika hali ile, ungeniita kwa hilo. Swali moja tu lilitosha: alisema jina gani? Angelitaja, ningekuwa na wewe milele. Angetaja hili la ubatizo, ningejua kila kitu.

Swali lilinifika mdomoni. Ndeshi akainua macho, na nikaona ameliona linakuja, na anaogopa. Sijui alikuwa anaogopa kushikwa, au anaogopa kulisema jina hilo kwa sauti na kubaki hana chake. Nikainamisha kichwa nikachukua ndizi nyingine. Nikamwambia asante, mdogo wangu. Akalia. Mimi nikabandika sufuria.

Ameondoka sasa hivi. Watoto watarudi na fujo zao, sina muda mrefu.

Wivu bado ninao, usidhani umeisha. Ningeutoa mkono huu ninaoshonea ili nilale kwenye godoro lile usiku mmoja nikuloweshe midomo. Lakini wiki ijayo nitakwenda Akeri, na wiki inayofuata, na ng'ombe atanizoea apende asipende. Tutazeeka pamoja mimi na yeye, tutagombana, tutazikana. Pumzika, Shangazi yangu. Ninakuahidi kitu kimoja, na utajua mwenyewe gharama yake: lile jina, sitamwuliza kamwe.