Sufuria ya Pilau Kwenye Treni ya Southend

Mama,

Jumamosi tulienda Southend. Tulienda kwa treni, maana najua hilo ndilo ungeuliza kwanza.

Haikuwa rahisi. Tangu tukuzike, akina mama wa kikundi cha kanisani walikuwa wakisema safari yako ya kila mwaka nayo ipumzike mwaka huu. Mama Neema akataka tukodi basi, litupakie hapahapa kwetu Ilford. Nikakataa katakata. Nikawakumbusha yule bibi wa Kiingereza uliyekuwa ukimwogesha kazini, alivyokusimulia kwamba zamani kiwanda chao kilifungwa wiki nzima kila kiangazi, na mtaa mzima ukapanda treni kwenda pwani, na vikapu vya mikate, na watoto, na majirani walionuniana. "Kwenye basi unatazama kisogo cha mwenzako," ulikuwa ukisema. "Kwenye treni mnatazamana." Wewe mtoto wa Tabora, bahari yako ya kwanza kukanyaga ilikuwa hiyo ya Southend yenye matope, ukarudi umeamua sote tuikanyage.

Pilau nilipika mwenyewe, sufuria yako ileile, nikaifunga kwa taulo lako la bluu. Ni nzito, Mama. Hukuwahi kusema.

Nina jambo la kukiri. Nilipokuwa na miaka kumi na nne nilihamia behewa jingine ili watu wasijue kuwa mwenye sufuria ni mama yangu. Hukunifokea. Tuliposhuka ulinipa sahani iliyofunikwa, ukasema, "Hii yako." Nikala nimekupa mgongo. Niliona aibu, na baadaye nikaionea aibu ile aibu yenyewe, nikanyamaza nayo mpaka ukaondoka. Nisamehe.

Basi Jumamosi, tulipobadilisha treni Shenfield na mimi nikafunua sufuria, Tumaini wangu akaninong'oneza, "Mum, please, not here." Akachukua simu yake, akahamia behewa la mbele. Mama Neema akainuka kumfuata amrudishe. Nikamwambia amwache. Nikapakua sahani ya kwanza, nikaifunika, nikaipakata mpaka Southend.

Aliila yote, Mama. Amenipa mgongo.

Pumzika sasa, umebeba vya kutosha. Mwakani tunakwenda tena, kwa treni, na sufuria nitaibeba mimi. Na mjukuu wako hata akikaa behewa la mwisho kabisa, sahani ya kwanza itakuwa yake.

Mwanao,
Rehema